Mama Kijikaratasi na Vidonge Vilivyoachwa

Saa mbili asubuhi. Wasomaji watukufu wa gazeti la shule, simameni wima! Mbele yenu ni Mlinzi Mkuu wa Watoto Ambao Hawajazaliwa. Yuko chini ya kaunta ya duka la dawa, amepiga magoti, anasaka kandambili yake.

"Hii hapa," anasema, akiinuka na vumbi kichwani.

Wateja humwita Mama Kijikaratasi. Kwa miaka kumi na mmoja hajatoa dawa bila kufungua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi na kuisoma kwa sauti.

"Mama, mimi naumwa kichwa tu, sijaja darasani!" mzee mmoja ananung'unika kwenye foleni.

"Kitasubiri, baba. Kichwa chako hakijawahi kwenda popote bila wewe."

Mwezi uliopita aliingia fundi cherehani, mjamzito wa miezi minne, akiomba dawa ya uchovu. Tezi yake ya shingoni haifanyi kazi vizuri, hivyo kwa miaka mingi amekuwa akimeza vidonge vya homoni. Mama Kijikaratasi akamuuliza kama bado anavimeza.

"Niliviacha wiki tatu zilizopita. Nimeambiwa homoni humfanya mtoto azaliwe na kasoro."

Mama Kijikaratasi aliweka boksi chini taratibu.

"Mwanangu, homoni si dawa moja. Zipo ambazo mjamzito hatakiwi kuzigusa. Hizi zako mtoto anazihitaji, ubongo wake ukue vizuri. Wa kukuachisha ni daktari anayekupima, si mimi wala jirani."

Dawa ya uchovu hakumpa. Alifunga duka, bosi akafura, akamsindikiza hadi kliniki. Damu ilipimwa, daktari akamrudishia vidonge. Sasa vipimo viko sawa, ingawa wataendelea kumwangalia hadi ajifungue.

"Anapiga mateke kama ana ugomvi na kibofu changu," fundi alimwambia Mama Kijikaratasi juzi akicheka.

Miguu ya Mama Kijikaratasi huvimba kwa kusimama muda wa saa kumi kila siku. Lakini ndoto yake ni viti viwili na pazia kwenye kona, ili mjamzito aulize bila foleni nzima kutega masikio. Pazia atalishona fundi.

Mwandishi wenu alikuwa anafunga daftari aliposhikwa mkono na Mama Kijikaratasi.

"Fundi anasema aliyemwachisha dawa ni mdogo wake wa shule ya bweni, aliyesoma ukurasa mmoja wa baiolojia. Unamjua?"

Mwandishi alitazama dari. Dari haikusaidia.

"Ni mimi, Mama. Yule ni dada yangu."

Mama Kijikaratasi alimkabidhi kijikaratasi cha vile vidonge. "Soma. Kwa sauti."

Mwandishi alisoma hadi mstari wa mwisho. Hata yule mzee wa kuumwa kichwa alisubiri.