Kaka Alivyoendesha Baiskeli Ndani ya Mtumbwi wa Rubisi

Ofisi ya Muleba ilikuwa inatafuta tarishi anayejua kuendesha baiskeli. Kaka yangu aliitaka kazi ile kuliko alivyomtaka mkewe. Baiskeli ya Tata, baba yetu, ilikuwepo nyumbani, ila kaka hakujua kuiendesha, na kujifunzia barabarani hakutaka. Alikuwa mwalimu wa kwaya, sasa aanguke mbele ya wanakwaya wake? Mimi nilijifunzia kwenye mteremko wa Rwamishenye, kwa shangazi, na magoti yangu yanajua.

Akaamua kujifunzia ndani, mlango umefungwa. Tukaanza kuchagua kitu cha kuishikilia baiskeli. Vinu viwili vilibiringika, akaangukia mafiga. Tukaining'iniza kwa kamba kwenye boriti, ikawa inayumba, naye anahangaika kujizuia kwa kiuno.

"Hii inanitupa," akasema.

"Chukua mtumbwi wa Tata," nikamwambia. "Ule hautupi mtu."

Ni gogo lililochongwa, la kukanyagia ndizi za rubisi, pombe yetu. Tukaegesha ekseli ya nyuma kwenye kingo zake, gurudumu likazunguka hewani. Baiskeli ikatulia kama kaburi. Kamba ndiyo ingemfundisha kujizuia, lakini mwalimu hafundishwi na mtu wa darasa la nne kama mimi.

Kila jioni alikanyaga pedali huku anapiga kengele, nyasi za sakafuni zinaruka. Shemeji akipita na ndizi zake za kumenya:

"Baba, umefika wapi?"

"Kamachumu."

"Basi ukirudi pitia kisimani, maji yameisha."

Tata naye akawa ananung'unika: "Akishafika anirudishie mtumbwi. Ndizi zinaoza."

Siku ya majaribio nilimpakia kwenye keria mpaka karibu na ofisi. Hapo akashuka, akaikokota mwenyewe, kifua mbele.

"Zunguka mlingoti wa bendera, urudi," karani akamwambia.

Akapanda. Miguu ilikanyaga vizuri kabisa, kengele ikalia, akaanguka. Akapanda tena, akaangukia upande wa pili.

"Bwana, umejifunzia wapi?"

"Nyumbani, waitu," akajibu kwa heshima zote.

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Na wewe unayecheka, unajua?" karani akaniuliza.

Nikauzunguka mlingoti, mkono mmoja mfukoni. Kazi nikapewa mimi.

Kurudi, kaka alikaa kwenye keria, suruali imechanika. Tulipofika kwenye mteremko nikaachia breki.

"Shika vizuri, mwalimu," nikamwambia. "Huu si mtumbwi."

Akanikumbatia kiuno kwa mikono yote miwili.