Siku Nilipokalia Kiti cha Papa

Papa, yaani baba yangu, alipolazwa hospitali, mimi binti yake nilikuwa ninajifunza Kiingereza kila jioni, maana hapa Kalemie wenye Kiingereza ndio wanaopata kazi kwa wageni. Mwalimu alipenda kuugawa ubao katikati: kushoto maneno ya wanaume, kulia ya wanawake. Actor, actress. Widower, widow. Tuliimba kama watoto wa kwaya mpaka nikachoka. Lugha gani hii, nikasema moyoni, haiwezi kumtaja mtu kabla ya kumchungulia chini ya nguo.

Kisha akaandika heir, na ng'ambo yake heiress: mrithi mwanaume, mrithi mwanamke. Hapo nikaacha kuimba. Sisi tunasema mrithi tu, basi, neno halibagui mtu. Lakini nyumbani kila mmoja alijua ni nani. Ukoo wa Papa ni wa Moba, na kwao mtu akifa, anayeshika nafasi yake ni mtoto wa kiume wa dada yake. Siku ya kumaliza matanga wanaweka kiti cha marehemu uani, wanamwita mrithi, anakaa. Akishakaa, yeye ndiye marehemu: anachukua jina, nyumba, na mjane pia.

Mama aliyajua hayo yote. Shangazi alipofika kwa mashua kutoka Moba pamoja na mwanawe, Papa angali anapumua, Mama aliangusha sufuria. Shangazi akapita chumba kwa chumba akigusa kuta. Binamu yangu akakaa kwenye kitanda cha Mama, akakibonyezabonyeza, akamtabasamia. Nilitamani kumrushia kiatu.

"Tumekuja kumuangalia mugonjwa," shangazi akasema. Hospitali hakukanyaga hata mara moja.

Papa akafa. Tukalia, tukazika. Siku zote za matanga Mama alilala ameegemea mlango wa chumba chake kwa ndani, jembe pembeni. Nilimwogopea sana.

Siku ya mwisho mzee wa ukoo akakifuta kiti vumbi, akakiweka katikati ya watu.

"Mrithi njo nani? Akuje akae."

Binamu akaanza kuvuta suruali yake juu, taratibu, kama mtu asiye na mshindani. Mimi sikufikiri. Niliuona tu ule ubao wa mwalimu, upande wa kulia, nikainuka, nikamtangulia, nikakaa.

Mzee akamtazama shangazi, akatazama chini, kisha akasema kiti kikishakaliwa hakuna wa kumwinua aliyekikalia. Hivyo ndivyo alivyoikuta mila. Binamu hakuwa na lake tena, wala kwa nyumba wala kwa Mama. Mama akalia kwa furaha mbele ya watu wote, na mimi nikajiona mjanja kweli.

Shangazi hakupiga kelele. Alikuja polepole, akapiga magoti mbele yangu, akapiga makofi madogo, kama dada anavyomsalimu kaka yake mkubwa.

"Kaka," akasema. "Sasa weye njo kaka yangu." Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Na kaka yangu nilishamuzika."

Kesho yake walipanda mashua kurudi Moba. Mama anapata usingizi siku hizi. Anayelala ameegemea mlango ni mimi.