Kichupa cha Mmbea

Fundi wa maabara pale Napoli anazilea seli za tezi ya shingo kama wajukuu. Kila asubuhi hugusa pembe nyekundu ya kufukuza kijicho aliyoitundika juu ya kabati la joto, kisha huziuliza seli kwa sauti yake ya mvuta sigara kama zimelala salama. Kahawa huiagiza kwa kuteremsha kikapu cha kamba dirishani hadi mkahawa wa chini. Kichupa cha vijumbe vya kinga ya mwili, ambacho tone lake moja huzifanya seli zigome kufyonza madini joto, amekiandika kwa mkono wake: MMBEA.

Jumanne moja Daktari Ersilia alikuja mbio. Seli ambazo hazikutiwa tone lolote nazo zilikuwa zimegoma. Huo ni ugunduzi, alisema, na saa tano angemweleza profesa. Fundi akainamia hadubini, akacheka puani.

“Ulianza kulisha sahani ipi ya seli, mwanangu?”

“Ile iliyotiwa tone.”

“Na kibomba cha kudondoshea ulibadilisha kabla ya kulisha ya pili?”

Ersilia akakitazama kibomba kimoja alichokitumia kote.

“Basi hujagundua kitu. Umepeleka umbea nyumba ya pili.” Akaifunika sahani taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. “Kanywe kahawa. Neno hili halitoki humu ndani.”

Ersilia akashuka ngazi, moyo umetulia. Muuza kahawa akamsogezea kikombe, uso mkavu. Kwenye kisahani, mahali pa kijiko, palikuwa na kibomba kipya cha maabara, bado kimo ndani ya karatasi yake. Nje ya dirisha, kikapu cha fundi kilikuwa kinapanda kurudi maabara.