Sauti Iliyokosekana Ijumaa Kuu

Wytske, binti wa jirani yangu Gosse, aliliacha zizi la baba yake angali kijana mbichi, akaenda mjini kusomea harpsikodi. Hicho ni kinanda cha kale: ukibonyeza kitufe, kinyoya cha kunguru hudonoa uzi. Sauti yake ni ndogo, na hata ukigonga kwa ngumi haizidi. Hilo ndilo lililomchoma Gosse.

"Binti yangu kachagua kinanda kisichosikika," alikuwa akituambia kwenye kahawa baada ya ibada. "Ng'ombe wangu akicheua tu, anamshinda."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana nilimwona mtoto yule anavyokonda. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuungaunga: leo harusi, kesho kufundisha watoto wasiotaka kufundishwa. Kinanda alikibeba mwenyewe kwa gari la kuazima, nyuzi akazikaza mwenyewe kabla ya kila onyesho, kwani baridi kidogo tu huzivuruga. Tena manyoya yote aliyachonga kwa mkono wake.

Mwaka jana Gosse akatoa neno. "Nitakuja Ijumaa Kuu, utakapopiga kanisani. Nikikusikia, endelea na mambo yako. Nisipokusikia, urudi zizini. Mgongo wangu umekwisha."

Wytske akakubali. Nadhani hata yeye alishachoka kujiuliza.

Siku ile tuliimba Mateso ya Bwana, kama ilivyo desturi yetu hapa Friesland, Uholanzi, na kanisa lilifurika. Mimi nilikuwa nyuma kwenye sauti ya besi, nikimwona vizuri Wytske kwenye kinanda chake. Tulipofika pale Petro anapomkana Bwana na kulia, sote tukanyamaza, akabaki yeye na mwimbaji mmoja. Kidole kikashuka, sauti isije. Unyoya umekatika! Alikuwa na manyoya mengine na kisu mfukoni, lakini utachonga saa ngapi, na Petro analia? Akaendelea kupiga. Kila wimbo uliporudi mahali pale, pakawa na pengo. Uso ulimpauka, na mimi nisiye mtu wa sala nyingi nikamwombea.

Kwetu, Mateso yakiisha, hakuna apigaye makofi. Watu huinuka wakatoka kimya. Kwa hiyo Wytske hakuwa na pa kujua kama amesikika.

Gosse alimngoja mlangoni, kofia mkononi.

"Baba, ulinisikia?"

Mzee aliifikicha kofia kwanza.

"Pale Petro analia," akasema, "kuna sauti moja haikuja."

"Unyoya ulikatika, baba."

"Na wimbo uliporudi, haikuja tena. Nikaingoja. Kila mara niliingoja."

Wytske aliinamisha kichwa akalia waziwazi, mbele za watu. Gosse akamshika bega kwa mkono wake mgumu wa kukamulia.

"Basi, mama, nyamaza. Kesho tutaokota manyoya nyuma ya zizi. Kunguru wamejaa tele kule."