Sufuria la Kanisa Halijatoka kwa Mama

Sufuria la kanisa limekaa jikoni kwa mama tangu Pasaka, na mama hawezi tena kusimama bila kushikwa. Kwa aliyekulia kwingine hiyo si habari. Kwa sisi tuliokulia Nguvumali miaka ile, ni habari ya kumfanya mtu atafute pa kukaa.

Enzi zetu usharika ulikuwa na sufuria moja kubwa, zito, mkono wake mmoja umefungwa waya. Mashamba ya mkonge yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Wazee waliokuja zamani kama manamba, vibarua wa mkataba kutoka mikoa ya mbali, walibaki bila kazi wala ndugu, na wengine walishasahau hata njia ya kurudi kwao. Kanisa nalo halikuwa na kitu. Lilikuwa na sufuria. Nyumba yenye sufuria ndiyo iliyowapikia wazee wiki hiyo, na Jumapili baada ya ibada mama wa nyumba alilibeba mwenyewe mpaka nyumba inayofuata. Halikuombwa wala halikufuatwa. Kulifuata ilikuwa ni kumwambia mwenzako kwamba umeona ameshindwa.

Nakumbuka wiki zetu kwa harufu. Baba alikuwa amepunguzwa kazi, sisi tukila bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu kikavu, kwa sababu nazi yote imeingia kwenye sufuria. Tulizunguka jiko kama paka.

"Tokeni hapo! Hilo si letu," mama alifoka, na yeye mwenyewe anameza mate.

Watoto wa siku hizi chipsi zikichelewa kidogo wanapiga simu kulalamika. Sisi tuliachiwa mwiko tuulambe kwa zamu, na zamu yenyewe tuliipigania.

Chakula kikiiva tulikipeleka Ngamiani kwa Mzee Zakaria, mkata mkonge wa zamani aliyeishi chumba kimoja cha uani, mikono yake imejaa makovu ya miiba. Mama alitufunza jibu kabla hatujatoka mlangoni: "Akiuliza nani kapika, semeni kanisa. Jina langu msilitaje." Basi tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapokea bakuli na kulishikilia bila kulifunua.

"Nani kapika?"

"Kanisa."

Hapo ndipo alipokula. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mzee yule aliweza kula cha kanisa na kesho akakutana na mama sokoni bila kuinamisha macho.

Mwezi wa Ramadhani jirani yetu Bi Mwanahawa alikuja na mihogo yake ya nazi, akaimimina ndani ya sufuria letu bila kumuuliza mtu. Siku moja akatufuata mpaka kwa Mzee Zakaria. Mzee akauliza kama kawaida, nasi tukajibu kama tulivyofunzwa: kanisa. Bi Mwanahawa alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Haya, leo mimi ndiye kanisa! Zakaria, mwezi ukiisha nakusilimisha."

"Nisilimishe tu, Bi Mwanahawa, ila Krismasi nitakuomba ruhusa."

Mzee Zakaria alipofariki, akina mama wa sufuria ndio waliokaa matanga kama ndugu zake wa damu, na Bi Mwanahawa katikati yao.

Nimekuja likizo kumuuguza mama. Baada ya kuona lile sufuria limekauka pembeni ya jiko, nilikwenda kwa Mama Neema, kiongozi wa jumuiya yetu, kumuuliza kulikoni. Aliangalia chini.

"Mwanangu, tumeona haya kulifuata. Mama yako ametupikia miaka yote hiyo. Niingie kwake nimwambie lete sufuria, umechoka?"

Kumbe wote wanangoja alilete mwenyewe, kama desturi inavyotaka. Na wazee wawili wa mtaa wa Usagara, waliokuwa wakilishwa na sufuria hilo, sasa wanakula kwa huruma ya wapangaji wenzao. Mama Neema aliandika kwenye kundi la simu kwamba mama anaumwa. Vijana wa kwaya ndio walioitikia haraka kuliko wote: amina, amina, na picha nyingi za mikono iliyofumbatwa kuomba. Siwacheki sana, wana moyo. Ila mikono ile haijawahi kubeba kitu cha moto.

Jana nilimpikia mama wali wa nazi. Alipokea sahani, akaishikilia.

"Nani kapika?"

"Mimi, mama."

Akala kidogo. Nikamwambia niko tayari kumpelekea Mama Neema sufuria, ili wazee wa Usagara wale, na yeye mwenyewe apikiwe nikishaondoka. Aliisogeza sahani pembeni, akasema taratibu, "Likitoka hapa bila mimi kulibeba, basi Zakaria ni mimi."

Enzi zetu alikuwepo mtu wa kutufunza neno la kujibu ili anayelishwa asione aibu. Leo namtafutia mama neno kama hilo, na neno kanisa, alilolitunga mwenyewe jikoni kwake, yeye ndiye pekee ambaye haliwezi kumdanganya.

Kesho ni Jumapili. Jumatatu narudi kazini Morogoro. Nimelisugua sufuria kwa mchanga mpaka limeng'aa, nimeliweka karibu na mlango, mfuniko juu. Mama analiona kutoka kitandani. Bado hajasema nilibebe.