Mwanawetu Aomba Ruhusa ya Kuwa Mama

Kwa miaka kumi na moja Mwanawetu alikuwa mama bila kibali. Mwanamke mzima, muuza khanga na sabuni sokoni Palma, kusini mwa mto Ruvuma, anaamka alfajiri, anamwandaa mtoto, anampeleka chuoni kusoma Kurani na shuleni, akipata homa anakesha naye, na hata siku moja hakwenda kumuomba mtu ruhusa! Jeuri gani hiyo, jamani? Ilibidi serikali imfundishe adabu.

Mtoto mwenyewe ni Samiha. Aliyemzaa ni Umi, dada yake Mwanawetu, aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma, kule Msimbati, Tanzania, akafa wakati Samiha ana siku kumi na saba. Wiki hiyo hiyo Mwanawetu alikuwa amezika kichanga chake, maziwa yamemjaa kifuani hana wa kumpa. Akina mama wakakaa mkekani, wakasema mtoto apewe mama yake mdogo. Ikasomwa Fatiha, Samiha akapewa ziwa, mambo yakaisha. Mwanawetu akavuka kurudi Palma na mtoto mgongoni na katoni tatu za sabuni. Sabuni ilitozwa ushuru na risiti ikaandikwa. Mtoto alipita hivi hivi, hakuna aliyemtupia jicho.

Na kwa watu wa pwani ile, kulea si kunyang'anya. Mtoto anajua tangu anajifunza kusema kwamba yuko mama aliyemzaa na yuko mama aliyemlea, na hakuna anayemfukuza mwenzake. Mwanawetu mwenyewe ndiye aliyemzoeza Samiha, kila akimaliza kuswali, amtaje Umi kwanza. "Mie nipo, nakula nashiba," humwambia. "Aliyelala ndiye mwenye haja na dua."

Vita ikaja Palma, watu wakakimbia, nyumba ikaungua na kadi ya kliniki ya Samiha ikiwa ndani. Waliporudi, mtoto alikuwa na uhai wake na viatu jozi moja, navyo si kitambulisho. Siku ya kumwandikisha sekondari ndipo likaulizwa swali: huyu raia wa wapi? Wa Tanzania. Yupo hapa kwa kibali cha nani? Mwanawetu akasema, cha kwangu. Watu wa ofisini wakacheka kwa heshima. Mtoto akapewa kibali cha muda, cha kumfikisha mwisho wa mwaka wa pili wa sekondari, na Mwanawetu akaambiwa wazi: ukitaka abaki kwako baada ya hapo, muasili kisheria. La sivyo arudi kwao. Kwao! Mahali alipokaa siku kumi na saba, na nyingi alikuwa amelala.

Akaenda kwa Virgílio. Tusimseme vibaya Virgílio, alikuwa kijana mstaarabu, mtu wa Mueda, Kiswahili anacho, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekukata kidole. Ndiye aliyekuwa akishughulikia mambo ya watoto katika ofisi ya serikali.

"Kuasili mtoto wa nchi nyingine si mchezo, mamã," alisema, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua. Akafungua daftari.

Umri uwe umetimia: alikuwa nao, na akiba juu. Cheti cha ndoa, au kama huna mume, cheti cha kwamba huna mume. Hapo palikuwa na kazi, maana mume wa Mwanawetu alikwenda Pemba, mji wa huku si kile kisiwa, mwaka elfu mbili na kumi na nne kutafuta gurudumu la pikipiki na hajalipata mpaka leo. Cheti cha polisi kwamba si mhalifu. Cheti cha daktari kwamba ana akili timamu, na hicho Mwanawetu alikiwahi mapema, kabla hajaanza kufuatilia hivyo vingine. Angekichelewesha, daktari angesita.

"Uhusiano wako na mtoto? Damu au ndoa?"

"Maziwa," alisema Mwanawetu. "Nimemnyonyesha miaka miwili kamili."

Virgílio akaipekua fomu, mbele na nyuma. "Maziwa hayamo," alisema kwa masikitiko ya kweli. Akaweka alama penye "nyingineyo".

Ukafuata ukaguzi wa nyumba. Virgílio alikuja na kalamu yake, akahesabu vitanda, akachungulia choo, akauliza kama mtoto ana mahali pa kusomea. Wakati huo Samiha alikuwa anagombezwa kwa kuunguza wali wa nazi, naye anajibu jibu moja kwa kila maneno kumi, huku anakwangua ukoko na kuula. Virgílio akaandika kwamba dalili za kuzoeana zipo. Kisha akatangaza kipindi cha majaribio. "Mkae pamoja miezi sita, tuone."

"Tumekaa miaka kumi na moja, mwanangu."

"Ile haikuwa rasmi, mamã. Tunaanza kuhesabu leo."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakuwahi kufika ofisini, maskini. Wangejua kwamba anayeujua ni mgonga muhuri.

Na hayo yalikuwa ya upande mmoja wa mto tu. Tanzania nao, waliokaa miaka yote hiyo bila kujua kama wana mtoto anayeitwa Samiha, sasa walitaka kujua kwa nini anatolewa. Watu wa ustawi wa jamii ng'ambo wakaandika barua, kwa Kiswahili kizuri sana. Barua ikapelekwa Pemba kutafsiriwa kwa Kireno na mtafsiri aliyeapishwa. Ikarudi Palma baada ya wiki tisa, na Virgílio akamsomea Mwanawetu kwa Kiswahili. Mwanawetu akavuka tena na tena, safari hizi bila sabuni. Akapata cheti cha kuzaliwa cha Samiha, kipya, kinang'aa, na hicho kilimpa moyo.

Ikabaki ridhaa ya baba. Shamte, baba mzazi, hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka kumi na mitatu hakumpa mwanawe hata penseli, ila pia hakumsumbua. Alipoambiwa anatakiwa atie sahihi, akaingia ndani akavaa kanzu, akakaa kitako, akatoa hotuba juu ya wajibu wa baba. Mwanawetu akasikiliza mpaka mguu ukafa ganzi. Mwisho Shamte akatia sahihi mahali alipoonyeshwa, hakusoma, wala hakuuliza mtoto amekuwa mrefu kiasi gani. Mwanawetu naye hakusoma. Alikuwa na haraka ya kuwahi kivuko.

Hapo ndipo lilipo kosa lake, na nitalisema bila kumstahi kwa sababu alijisema mwenyewe baadaye. Miaka miwili aliuliza inatakiwa karatasi gani, na baada yake ipi, na ya tatu ikagongwe wapi. Hakuuliza hata mara moja hizo karatasi, zikishakamilika, zitafanya nini. Angeuliza ya nini? Kwake kuasili kulikuwa ni kulea kulekule, sasa kumegongwa muhuri.

Siku ya siku ikafika, Desemba, kibali cha Samiha kimebakiza siku kumi na mbili. Hakimu alikuwa mama mmoja mpole, dona Olívia, mtu wa kusini asiye na Kiswahili, kwa hiyo Virgílio akawa ndiye mdomo wake. Samiha alivaa baibui jipya. Mwanawetu alivaa khanga ambayo sokoni hakuwa tayari kuiuza kwa bei yoyote.

"Mtoto amefika umri wa kusikilizwa," alitafsiri Virgílio. "Lazima akubali kwa kinywa chake. Samiha, kuanzia leo utaandikwa mtoto wa Mwanawetu. Jina la mama yako wa kwanza linatoka kwenye cheti. La baba pia. Sheria itahesabu kwamba huna uhusiano nao tena. Unakubali?"

Mwanawetu akageuka kumtazama Virgílio. Alidhani kakosea kutafsiri.

"Umi ataandikwa wapi?" aliuliza Samiha.

Virgílio akauliza, akajibiwa. "Hataandikwa."

"Basi sitaki."

Loo! Damu ilimpanda Mwanawetu mpaka masikioni. Aibu, jamani, mbele ya hakimu! Miaka miwili ya vivuko na foleni, na kichwa maji huyu anasema sitaki kana kwamba kakaribishwa uji! Na chini ya hasira palikuwa na kitu kibaya zaidi. Iliuma. Umi hakumfulia mtoto huyu hata nguo moja.

Dona Olívia hakukasirika. Alisema mama anaweza kutoka nje na mtoto dakika kumi, wazungumze.

Wakakaa kwenye benchi la nje. Mwanawetu alikuwa na maneno yote tayari: kwamba ni karatasi tu, kwamba moyoni hakuna anayefuta, kwamba bila hivyo watatenganishwa, na yote yalikuwa kweli. Hakuwahi kuyasema. Samiha ndiye aliyeanza, anatazama vidole vya miguu yake.

"Mama, ukiniambia nikubali, nitakubali. Nitasema ndiyo. Lakini uniambie wewe."

Mwanawetu alimkumbuka Umi anamsuka nywele utotoni, anamvuta kwa nguvu, anamkaripia atulie. Mtu huyo hana kaburi lenye jina, hana picha, vita imekula. Duniani alibakiza mstari mmoja kwenye cheti kimoja, na cheti chenyewe Mwanawetu ndiye aliyekihangaikia. Leo amshike mtoto mkono waingie ndani wakaufute pamoja?

Akalia pale pale, kwa sauti, bila haya, mpaka mlinzi akasogea mbali. Kisha akajifuta kwa ncha ya khanga, akarudi ndani.

"Mwambie hakimu kwamba mtoto hataki," alimwambia Virgílio. "Na mimi sitaki."

Virgílio alihuzunika, hilo lazima tumpe. Jalada zuri kama lile, halipungui hata muhuri! Akaeleza kwamba kuna njia nyingine, ya ulezi tu, isiyofuta mtu. Mwanawetu akamuuliza mbona hakuitaja tangu mwanzo. Virgílio akasema kwa upole kwamba hakuulizwa. Ila hiyo nayo ina daftari lake, inaanzia ukurasa wa kwanza, na wakati inashughulikiwa mtoto angojee katika nchi yake.

"Atangojea na nani?"

"Hilo, mamã, liko nje ya ofisi yetu."

Mwanawetu akauza meza ya soko kwa jirani, akagawa sufuria, akafunga khanga zake furushi moja. Siku mbili kabla ya kibali kwisha wakavuka. Upande wa Tanzania afisa alikichukua cheti cha Samiha, akasoma jina la mama na la baba, akatabasamu, akamwambia karibu nyumbani. Mtoto akapita.

Mwanawetu akapewa fomu ya wageni. Jina. Uraia. Sababu ya safari: akaandika "malezi". Jina la mwenyeji wako nchini. Akaandika Samiha Shamte.

Afisa akaisoma, akamtazama msichana aliyesimama ng'ambo ya kizuizi na furushi kichwani. "Mwenyeji wako ndiye huyu mtoto?"

"Ndiye."

Afisa akamgongea siku tisini, akamwambia zikiisha aombe upya.