Mtaa Alioutaja Hewani

Shemeji yangu alijua kila nyumba iliyokuwa ikiuzwa katika mji huu, na yeye mwenyewe alikuwa mpangaji. Kila Jumamosi asubuhi alikaa upande wa pili wa kioo, mimi nikiwa kwenye mitambo, akasoma redioni habari za soko la nyumba: wapi bei zimepanda, wapi zimelala, kiwanja gani kina ugomvi, benki zinasemaje. Halafu alitoa ushauri. "Anza na msingi," ndivyo alivyofungua kila kipindi, mpaka wasikilizaji wakasahau jina lake wakamwita Bwana Msingi. Mimi nilimwita shemeji kwa sababu alimwoa mdogo wangu. Nikikasirika, na nilikasirika mara nyingi, nilimwita Bwana Msingi kama watu wengine.

Alikuwa mtu wa miguu. Wenzake wa redio nyingine walikaa ofisini wakisubiri simu za madalali, lakini yeye alikwenda. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. Alifungua bomba zote kwa pamoja aone kama maji yatakata. Alisogeza makabati ya watu, kwa ruhusa au bila ruhusa, atazame ukuta uliofichwa. Madalali walimkimbia kama mtoza kodi. "Usiipende nyumba kwa sababu ya vigae," aliwaambia wasikilizaji. "Nenda siku ya mvua. Muulize jirani, usimuulize dalali. Na usitoe hata senti kabla hujathibitisha hati kwenye ofisi ya ardhi."

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu asiyejua kukaa kitako, mpaka kiharusi kilipompiga kikamwacha na mkono na mguu wa kulia visivyomtii. Walikuwa wamepanga ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Kumshusha ilibidi wanaume wawili wambebe kwenye kiti, na ngazi zenyewe nyembamba, zenye kona kali. Safari ya kwanza ya kliniki mmoja wao aliteleza, na maskini mdogo wangu akabaki ameng'ang'ania reli akipiga mayowe. Tangu siku hiyo alishuka kwa ajili ya daktari tu, macho ameyafumba mwanzo hadi mwisho. Siku nyingine zote alikaa dirishani akiwatazama watu kwa juu.

"Dada," aliniambia siku moja, "nimeanza kusahau nyuso za majirani. Najua vipara vyao tu."

Tulicheka mpaka akaanza kulia, nami sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Ndiyo maana shemeji alitafuta nyumba ya kununua. Hakutaka fahari. Alitaka nyumba ya chini, yenye mlango ulio sawa na barabara, ili mkewe atoke nje kwa fimbo yake bila kumwomba mtu. Ni hilo tu, na ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu nyumba za chini zimekaa juu ya viwanja, na viwanja vya mji huu vilikuwa vikipanda bei kila alipofungua kinywa.

Kisha mwenye jengo akaja mwenyewe na notisi.

"Nimeuza," alisema. "Si wewe uliyesema Jumamosi kwamba huu ndio wakati mzuri wa kuuza?"

Shemeji akaipokea notisi. Mtu akikurushia maneno yako mwenyewe utamjibu nini? Mnunuzi mpya alitaka jengo likiwa tupu, na muda aliowapa ulikuwa wa kuhama, si wa kutafuta.

Hapo hofu ikawaingia kweli. Alizunguka mpaka viatu vikaachama. Nyumba alizoziweza zilikuwa mapango, na wenye nyumba nzuri walimkaribisha soda, wakamsifu kwa kipindi chake, wakataja bei kama watu wanaotaja umbali wa mwezi. Alikonda. Akaanza kuniuliza maswali ya mtu aliyechanganyikiwa: kama familia inaweza kuishi kwenye gereji, kama stoo yetu ya redio ina dirisha. Nilimjibu kwa ukali, maana mimi nikiogopa huwa mkali. Nilijua kwamba mdogo wangu hangeweza kuvumilia miaka mingine juu ya ngazi. Alikuwa ameshaacha kuchana nywele.

Ndipo shemeji akaipata. Mtaa ule ulikuwa nyuma ya kiwanda cha magunia kilichofungwa, barabara yake mbovu, na hakuna dalali aliyekuwa ameutia machoni. Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu aliyetaka kuhamia kwa binti yake. Vyumba viwili, sebule, mlango mpana, kizingiti karibu sawa na udongo. Shemeji aligonga kila ukuta. Alisubiri mvua, na iliponyesha alikwenda mbio kusimama sebuleni kwa mama wa watu, amelowa chapachapa, akitazama dari huku mwenyeji wake akimtazama yeye. Halikuvuja hata tone. Bei aliyotajiwa aliiweza, kwa kukomba akiba yote na kuongeza mkopo wa ushirika. Wakapeana mkono. Mkunga alikuwa tayari kupokea malipo ya kwanza siku ileile, lakini shemeji akasema hapana mama, tungoje kwanza nithibitishe hati. Ofisi ya ardhi ikamwambia arudi Jumatatu ya wiki iliyofuata.

"Shemeji," nilimwambia, "mpe chochote, muandikiane, mambo ya hati yafuate."

"Shemeji, kila wiki nawakataza watu jambo hilohilo."

Nyumbani ilikuwa sherehe. Mdogo wangu alichana nywele. Alimtuma mumewe arudi kupima upana wa mlango, kisha upana wa njia ya kwenda bafuni, kisha mahali pa kuweka kiti pale mlangoni ambapo jua la asubuhi lisingemchoma. Shemeji alikwenda kila alipotumwa. Wiki nzima alikuwa kwenye nyumba ile, akirudi na uzi wa vipimo mfukoni na uso wa kijana anayechumbia.

Ikafika Jumamosi. Kipindi kilikuwa na sehemu iitwayo Mtaa wa Wiki, iliyopendwa kuliko zote. Bwana Msingi alichagua mtaa mmoja akaueleza mazuri na mabaya yake, na alijiwekea sharti la kutousema mtaa ambao hakuukanyaga wiki hiyo. Na wiki ile alikuwa amekanyaga mtaa mmoja tu.

Sikulifikiria hilo mpaka nilipomwona ameinamia maiki akitabasamu. Aliutaja. Akasema udongo wake ni mgumu, msingi haupasuki. Akasema maji hayakatiki, majirani wanajuana, barabara mbovu lakini inarekebishika, milango iko sawa na ardhi, mzuri kwa wazee na wagonjwa, na bei, ndugu msikilizaji, bei ya huko bado imelala fofofo. Nilimpungia mikono nyuma ya kioo. Nilijipitishia kiganja shingoni. Akadhani namwambia muda unakwisha, akaongeza kasi. Nikapandisha muziki juu ya sauti yake, lakini jina la mtaa lilikuwa limeshatoka, na kwa mazoea ya kazi alikuwa amelirudia vizuri ili wenye kalamu waandike.

Alipovua hedifoni alikuwa bado na tabasamu.

"Mbona umenizima?"

"Wewe, ulikuwa unamtangazia nani nyumba yako?"

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo, kama mgeni asiyejua kwamba wenyeji wamegombana. Kisha akakaa tena kwenye kiti.

"Sikuwa na mtaa mwingine," alisema.

Nimefanya kazi na watangazaji maisha yangu yote. Nimeona waongo, walevi, wenye kulala hewani. Sijaona mtu aliyejiibia kwa mdomo wake mwenyewe namna ile, na kwa sauti nzuri hivyo.

Tulikwenda mchana uleule. Magari ya madalali yalikuwa yamekwama kwenye matope ya barabara mbovu aliyoieleza. Mkunga alitupokea mlangoni, na nyuma yake sebule imejaa watu wanaogonga kuta.

"Karibu, mwanangu. Nilikusikia. Kumbe nimekalia dhahabu na sijui."

"Mama, tulipeana mkono."

"Tulipeana, baba, sikatai." Alikuwa anaona haya, nasema haki yake. "Lakini si wewe unayesema kila siku muuzaji asikubali bei ya kwanza? Binti yangu naye alikusikia. Kanipigia, kasema mama usithubutu. Hebu fika bei hii, nitakungoja wewe. Nakungoja mpaka Jumamosi, nitawakatalia wote."

Aliitaja bei mpya akitazama miguu yake. Shemeji akashukuru. Alishukuru! Nilitaka kumtingisha.

Jumatatu ofisi ya ardhi ikamwambia hati ni safi, haina doa lolote. Benki zikamkataa, ushirika ukamwonea huruma, na huruma hailipi. Jumamosi, kabla ya kipindi, nilimshika mkono mlangoni mwa studio.

"Sema kunajaa maji. Sema kuna kesi mahakamani. Sentensi moja, shemeji, na wale madalali watakimbia kabla hujafika nyumbani."

"Hakujai maji."

"Najua hakujai!"

"Na waliokwisha kununua jirani pale? Na yule mama?"

"Yule mama ana binti wa kwenda kukaa naye. Mdogo wangu ana dirisha."

Aliingia, nikafungua maiki. Alisema, "Wiki iliyopita niliutaja mtaa mmoja," kisha akanyamaza. Redioni kimya ni moto. Kila aliye kwenye mitambo hutetemeka. Mimi sikugusa kitu. Nilimwomba Mungu shemeji adanganye. Nilijua mdogo wangu yuko dirishani, redio mapajani, akisikiliza kimya kilekile.

"Sina la kubadilisha," alisema hatimaye, kisha akasoma habari zilizobaki kwa sauti ya mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Nyumba ilinunuliwa na mtu aliyetaka kuipangisha.

Muda wa notisi ulipokwisha, walichopata ni ghorofa ya tano, jengo la pili kutoka kituo cha mafuta, lisilo na lifti vilevile.

Siku ya kuhama wapagazi walitoa vyombo, kisha wakamshusha mdogo wangu kwenye kiti, macho ameyafumba. Wakamweka kando ya lori. Alipoyafumbua alivua kandambili kwa kutumia mguu mzima, akakanyaga udongo, akauzungusha unyayo pale kwa muda. Muuza mboga akapita na toroli lake, naye akamwita, akaanza kuchagua nyanya moja moja kwa mkono wa kushoto, akizibonyeza, akizirudisha.

"Nyanya zako zimechoka kuliko mimi," alimwambia.

"Mama, hizo zimetoka shamba leo."

"Zimetoka kwa miguu, basi."

Muuza mboga alicheka, na yeye akacheka, akaulizia bei ya vitunguu ambavyo hakuvihitaji, kisha ya karoti, kisha akauliza habari za watoto wa mtu ambaye hakumjua. Lori lilikuwa limeshajaa, kamba zimekazwa. Dereva akapiga honi.

"Bado kidogo," mdogo wangu alisema, bila kumtazama yeyote.

Dereva akapiga honi tena. Wapagazi wakaja, mmoja akashika mkono wa kiti. Nilimwona shemeji akimtazama mkewe, mguu ule mweupe kwa vumbi, nyanya mkononi. Kisha akamwendea dereva.

"Meza imekaa vibaya," alisema. "Kioo kitavunjika. Ishusheni, mpakie upya."

Dereva akachungulia nyuma ya lori. "Mzee, meza hii ni mbao tupu. Kioo kiko wapi?"

"Ishusheni," alisema shemeji, mikono yake ikifungua kamba. "Na kitanda pia."